Taa Inayojisikiliza

Amplifaya ilivuka maji kutoka Nansio
imefungwa blanketi kama mgonjwa,
na Bwana Bahitwa ameilipia nauli ya abiria
kwa sababu karani wa kivuko alisema
mzigo haukalii kiti.

Naifungua mezani, Mlango Mmoja, saa nne asubuhi.
Skurubu sita, mbili si za kwake.
Ndani: vumbi, harufu ya risasi ya zamani,
na wadudu wa ziwa, mamia, wamekauka
kama majani ya chai chini ya kikombe.
Walifuata mwanga wa taa hizi
miaka ile ya dansi, madirisha wazi.

Kwanza namwaga umeme uliolala.
Amplifaya haifi ukiichomoa;
kapasita zake kubwa hukaa na kinyongo.
Mkono wa kushoto mfukoni:
ndivyo alivyonifunza kaka Sagenda,
ambaye siku moja tu aliusahau nje
na kidole chake cha shahada hakikunyooka tena.

Sauti ipo. Besi ipo.
Kilichokufa ni mtetemo,
ule wa kuzungusha kitufe cha nne
gitaa likaanza kuja na kwenda, kuja na kwenda,
kama karabai za dagaa zikipandwa na wimbi.
Kipuri chake nimekitafuta Nyakato, Kirumba,
hadi barabara ya Rufiji, nikaambiwa nirudi Krismasi.
Hawakusema ipi.

Bwana Bahitwa akaweka mkono juu ya meza.
"Tazama."
Vidole vikaanza vyenyewe.
Skurubu zikalia ndani ya kopo.
"Mtetemo ninao, Mbuke. Wa bure, na hauzimwi kwa mguu.
Humo nitafutie kitu kingine.
Siku hizi nyuzi nazigusa tu;
nikikaza, zinanikimbia."

Sasa sikiliza, mtetemo ni nini:
ni taa inayojisikiliza yenyewe.
Inasema neno, neno linapita kapasita tatu ndogo,
linachelewa, linarudi mlangoni,
nayo inalijibu kana kwamba limetoka kwa mwingine,
inajijibu, inajijibu, usiku kucha.
(Watu wa namna hiyo nawajua.
Mmoja alinioa.)

Nikakata njia ya kurudi.
Kapasita tatu, ti, ti, ti, ndani ya kopo.
Taa ikabaki na uwezo wake wote
na haina la kusema.
Nikaiunganishia gitaa.
Rezista moja, kahawia, nyeusi, njano,
waya mfupi wenye koti, mbali na nyaya za joto
zisije zikanguruma kama mashine ya kusaga.
Kitufe cha kasi sasa ni cha nguvu.
Swichi ya mguu ni ile ile.

Jaribio la kwanza ilipiga yowe
hata kinyozi wa jirani akazima mashine
katikati ya kichwa cha mtu.
Waya mmoja ulikuwa umelala na asiye wake.
Nikautenganisha. Umeme ukakatika.
Tukala viazi vya kukaanga, hatuongei,
mpaka saa tisa.

Taa ziliwaka taratibu, rangi ya chungwa.
Akakanyaga. Akagusa uzi mmoja
kwa nyama ya kidole, kama anayepima homa,
na sauti ikatoka imeshiba, nene,
ikatikisa kioo cha kinyozi.
Na mtetemo ulikuwemo, jamani.
Si wa kipimo: ulichelewa, ukawahi,
ukajikwaa, ukasimama.
Akaupiga tena uzi ule ule, mara nyingi,
akiutazama mkono wake kama mtu
aliyesikia jina lake likiitwa sokoni.

"Kiasi gani?"
"Elfu ishirini."
"Kwa vitu ulivyotoa?"
Alilipa kumi na nane, na blanketi akalikunja vizuri.

Juu ya kitufe sikuandika kitu.
Atakayeifungua baada yangu na ajiulize mwenyewe.
Wadudu niliwafagia wote
isipokuwa mmoja, mbichi, wa leo,
aliyefuata mwanga wa meza yangu
akanata kwenye risasi ikiwa bado moto.