Kaa

Bulangeti alifika Ndosho ndani ya kikapu cha vitunguu:
miguu minne, masikio mawili yasiyolingana,
na njaa ya mtu mzima.
Shemeji Muhindo alimtoa Kibumba, akasema, huyu atalinda.
Usiku wa kwanza alilinda kiatu changu cha kushoto.
Hakikupona.

Nikaanza kutafuta wa kunifundisha kumfundisha.

Birere, kwa muuza vitabu anayetandaza turubai juu ya mawe,
nilipata kimoja cha Kifaransa, jalada limelowa mvua,
picha ya mbwa aliyechanwa nywele
ameketi kwenye nyasi.
Nyasi! Huku kwetu hata sufuria
haipati pa kutua bila kuyumba.
Ukurasa wa arobaini ulisema "kama tulivyokwisha kueleza",
na wa thelathini na tisa haukuwepo:
ulifungia mtu karanga, nadhani.

Mlinzi wa depo ya saruji alinipa somo la bure:
pilipili puani, fimbo mgongoni, siku tatu bila chakula,
atakuwa simba.
Nikamtazama mbwa wake mwenyewe nyuma ya geti.
Alijikunja kila bawaba ilipolia,
akajikojolea aliposikia jina lake.
Nikasema asante. Sikurudi.

Jirani Kavugho akafungua simu,
tukamwona mzungu akitabasamu, akibonyeza kidude kinacholia tik,
mbwa wake akiviringika kama chapati.
Mtandao ukakatika kabla hajaeleza tik ni ya nini.
Wiki nzima tulibonyeza kalamu ya biki,
tik, tik, tik.
Bulangeti akala kalamu.

Na nyumbani kila mtu alikuwa profesa.
Mama: Ikala!
Binti yangu Tulizo: Keti basi, tafadhali.
Mjomba Paluku, aliyesomeshwa na mapadri,
alinyoosha kidole: Assis!
Na mbwa, aliyejua Kiswahili kuliko mjomba,
akasikia asi,
akaasi.

Aliyetuokoa hakuwa na cheti.
Kakule, msukuma chukudu,
alishusha magunia matatu ya makaa mlangoni petu,
na mbwa wake wa manjano, asiye na kamba,
alitulia kando ya gurudumu
barabara nzima ya Sake ikipita na honi zake.
Nikamuuliza, ulisomea wapi kazi hii?
Akapekua mfuko wa suruali,
akatoa sambaza mkavu mmoja, mwembamba kama njiti.
"Neno moja. Samaki mmoja.
Mpe makalio yangali chini;
ukichelewa, umemlipa kwa kusimama.
Na msiwe watu watano wenye vinywa vitano."

Jioni hiyo tulifanya kikao, kama ukoo unaogawa shamba.
Mama alitetea neno lake kwa machozi kidogo.
Mjomba alidai kura zirudiwe.
Likashinda neno fupi: kaa.

Kaa, Tulizo akauliza,
kaa la moto, au kaa hapa?
Hakuna aliyemjibu.
Kaskazini mlima ulikuwa umewasha taa yake nyekundu,
na chini ya viti vyetu mwamba mweusi,
moto wa jana uliopoa,
ambao tumekaa juu yake miaka yote hii
bila yeyote wa kututupia samaki.

Sasa mifuko yetu yote inanuka ziwa.
Kanisani watu hutuachia nafasi kwenye benchi.

Juzi ardhi ilitikisika, si sana,
sahani zikaongea kabatini.
Tulikimbilia uani, kila mmoja na lugha yake ya woga,
Bulangeti akizunguka miguuni kama pia.
Mama, bila kufikiri, akasema:
kaa.
Akakaa.
Nasi tukakaa, mmoja mmoja, juu ya jiwe,
wa mwisho Mjomba,
akinyoosha kiganja,
akiuliza samaki wake yuko wapi.