Nukta Mbele ya Jina

Diski ya marehemu Bi Zamzam ililetwa Mkomani
imefunikwa kawa, kama chakula cha mgonjwa.
Shamsa bintiye akaitua mezani:
"Miaka kumi na tisa ya harusi za Amu, Shekuwe.
Kila mtu umtolee picha zake."

Faili elfu arubaini na kitu,
na majina kama alivyoyasikia usiku huo,
au alivyochoka:

harusi_mwanaesha_daka
arusi-mwanaisha-2
arusi ya mwana esha mpya mpya kabisa

Nikafungua maktaba yangu,
isiyo na rafu wala mchwa,
yenye maneno mafupi yanayotumwa yakatumika.
Huyapi jina. Unayapa umbo la jina:

*rusi*sha*

Yaani anza na chochote, hata na kimya,
pita hapa, pita pale,
ishia unapoishia.
Watatu wote wakaitika.

Alama ya kuuliza ni bahili,
inakula herufi moja tu na kufuta mdomo.
Mwana?sha:
Mwanaesha karibu, Mwanaisha karibu,
Mwanesha aliyemeza irabu akaachwa mlangoni.

Nyota ni mlafi, ila ina adabu moja:
ikifika kwenye mkwaju inasimama.
Si mkwaju wa kivuli na uchachu,
ni huu mstari uliolala upande
kati ya folda na folda.
Ikitaka kuvuka iende na mwenziwe.
Nyota mbili zikishikana mikono
zinaingia kila kichochoro mpaka Langoni
bila kumuuliza mtu njia.

Nikazituma mbili.

Zikarudi na watoto wenye midomo ya halua,
wazee wa kanzu, tarumbeta, sinia za pilau,
punda aliyeingia kwenye picha ya mtu.
Shamsa akapekua hadi mwisho.
"Na maarusi?"

Hakuwemo hata mmoja.

Nikapima. Diski inasema gigabaiti mia mbili;
nilizotoa hazifiki thelathini.
Nani wameketi humu, wazito hivi,
wasioitika?

Ndipo nikakumbuka lile la kwanza kabisa kufundishwa
na la kwanza kusahau:
nyota haioni jina linaloanza na nukta.

Bi Zamzam, aliyeishia juzuu ya saba na darasa la nne,
alilijua.
Kila mwanamke aliyempiga kichwa wazi,
na piko mbichi, na vikuba shingoni,
alimtilia nukta moja mbele ya jina,
shiraa ya herufi isiyosomeka,
kisha akampa kisogo akalala.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Nukta, kisha nyota. Alama mbili.
Wangetoka wote, miaka kumi na tisa,
mbele ya kijana wa watu mwenye fulana na soda ya moto.

Sikusema kitu. Nilimpa Shamsa kiti,
nikageukia ukuta wa zidaka
nikahesabu vishimo vya chokaa,
nikakosea, nikaanza tena.

Akatoa daftari la mamake.
Bila nyota, bila kuuliza,
jina kamili, herufi kwa herufi,
anasoma chini chini: "Taya ina, taya ina,"
na kitufe kinalia tak
kama mtu anayebisha kwa ukucha.

Mwanaesha mwenyewe alikuwa nje dakani.
Akapewa zake kwenye bahasha, akazitia ndani ya buibui
asizitazame.

"Umeona?"
"Sijaona."
"Hata majina?"
"Nimeona uzito."
Akacheka kidogo.

Magharibi daftari likaisha.
Nikapima tena, nimempa mgongo bado.
"Imesalia moja," nikasema. "Haimo daftarini.
Ukiweka nyota utaipata sasa hivi."

Alikuwa ameshaanza kuifunika kawa.
"Wata," akasema. "Mwenyewe atakuya."