Kikapita, Kikazima, Akalia

Kitabu hakikuwa na jalada. Panya wa Kongwa
walishakula kurasa nane za mwanzo
pamoja na jina la mwandishi,
kwa hiyo hadithi ilituanzia ngazini,
mshumaa tayari mkononi mwa bibi arusi,
upepo tayari umeshaamua.

Mwalimu Chilongani alitusomea kwa sauti
ndani ya nyumba ya wazungu wa karanga,
ile ya tatu kutoka kwenye tangi, iliyogeuzwa darasa,
yenye meko ya ukutani ambamo mbuzi walikuwa wakizaa.
Julai, upepo wa huko haupigi hodi.
Bati likagonga. Kitabuni nako dirisha likagonga.
Tuliposoma ukungu, tuliona vumbi.

Jumba lile lilikuwa na vyumba arobaini.
Ndahani akauliza kwa nini watu wawili
wajenge vyumba arobaini.
Kwao ni tembe, paa unaligusa kwa mkono,
na siri hulala chumba kimoja na ndama.
Mwalimu akasema: liandikeni swali hilo.

Tukajifunza kusoma kama mtu achaguaye mchanga kwenye mtama.
Tulihesabu. Mshumaa, mara kumi na tisa.
Ufunguo, ishirini na sita.
Neno "mama", mara moja tu,
tena kwenye barua iliyoungua pembe.

Ndipo tukafika ukurasa wa mia na kumi na mbili:
*Kivuli kikapita ukumbini, kikazima mshumaa, akalia.*

Mwalimu akaendelea. Mimi nikabaki pale.
Ki. Ki. Kisha a.
Nikanyoosha mkono: nani alilia?

Mlugu akasema ni kosa la mpiga chapa, alisinzia.
Ndahani akasema ni bibi arusi,
ameachwa gizani, nani asingelia?
Lakini bibi arusi, nikasema,
amelala tangu aya ya juu, orofa nyingine,
mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa mumewe.
Kurasa mia moja na zaidi
kivuli hiki tumekiita ki,
kama kiti, kama kikapu, kama kitu cha kufagiwa.
Herufi moja imemtoa kwenye ngeli ya vitu
ikamleta huku kwetu,
na kazi yake ya kwanza, alipofika, ikawa kulia.
Mwanamume au mwanamke, hatujui.
Lugha yetu haikumuuliza.

Mwalimu akafumba kitabu juu ya kidole chake.
"Miaka kumi na minne nakifundisha," akasema,
"na sijapata kumsikia."
Hakusema kama nimepata au nimekosa.

Jioni ile, zamu yangu ya kufagia,
niliona waya chini ya chokaa, kando ya meko,
wa kengele ya kumwitia mpishi.
Babu yangu alikuwa upande wa pili wa waya ule.
Walimwita boi mpaka akaota mvi.
Nikauvuta. Haukulia, ila chokaa kidogo
kilidondoka kwenye kiatu changu.

Sasa ninasahihisha maandishi ya watu, hapa Makole,
nyuma ya duka la vipuri, kwa kalamu nyekundu.
Fomu, kadi za harusi, taarifa za kata.
Ninalipwa kwa ukurasa, na ukisita huli.

Juzi ililetwa taarifa ya mwezi, kurasa tisa,
bei za zabibu, mashimo ya choo, mbwa wazururaji,
na katikati, mstari mmoja:
*Kichanga kiliokotwa shambani, kikapelekwa zahanati, akafariki.*

Mteja alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa.
Kanuni ni upatanisho. Kitenzi kimoja kinawasaliti wenzake,
kirekebishe, funga, andika risiti.
Nje vumbi lilikuwa linapita na mifuko ya plastiki.
Niliiweka kalamu juu ya neno la mwisho,
nikaiondoa,
nikarudi mwanzo wa mstari,
nikasahihisha mawili ya kwanza.