Hawajaanua Matanga

Asumini jirani kasema: majivu.
Nikachota ya sigiri, nikayazungusha kizingitini.
Sisimizi wakapita juu yake bila hata kukung'uta miguu.
Nikakamua ndimu. Nikamimina mafuta ya taa
hadi uji wa asubuhi ukanuka kibatari.
Fundi baiskeli akaniuzia unga mweupe ndani ya gazeti:
"Hajati, huu haumwachi mtu."
Ukawaacha sisimizi, ukamchukua mtetea wangu.

Hapa Bombo, mvua za Aprili zikishika,
kila nyumba ina wageni hawa.
Ila wangu hawana haja na kopo la sukari.
Wanashuka dirishani, wanafuata ufa wa saruji,
wanapita chini ya kawa nililosuka kwa harusi ya Kaltuma,
mpaka mguu wa kushoto wa kiti kile.

Hapo Fadhulmula alikaa miaka thelathini na mmoja,
vijiko vinne kwa kikombe, mkono ukitetemeka,
nami nikigomba: mzee, unalisha sakafu!

Arobaini imepita.
Turubai limerudi msikitini,
shemeji wamepanda basi la Arua,
masufuria ya watu nimeyasugua, nimeyarudisha.
Hawa tu ndio hawajaanua matanga.

Leo nilishika birika la maji yachemkayo.
Nikainama.
Mmoja alibeba punje nyeupe
kubwa kuliko kichwa chake,
akayumba, hakuitua.

Maji yakaishia kwenye majani ya chai.

Siafu wa bustanini, hao hatujuani:
kesho nawachomea nyasi.