Mashine ya Domitila

Domitila Bitungwa alishuka kutoka Simbo
na madoa ya mawese mpaka kisiginoni,
akasimama mlangoni pa karakana yangu, Mwanga,
akaagiza kama anayesoma orodha ya harusi:
"Nataka injini. Nguvu ya farasi wanane.
Nataka tairi, ivutwe na pikipiki.
Nataka saa ya kupimia mgandamizo.
Na nataka rangi nyekundu."

Niliandika yote. Mteja ni mfalme,
ndivyo tulivyoimbishwa chuoni;
hawakutuambia kwamba mfalme naye
huagiza alichokiona kwa jirani.

Usiku nikapiga hesabu. Injini peke yake
ilikula msimu huu wa chikichi na wa mwakani,
dizeli bado haijanunuliwa.
Alhamisi nikaenda Simbo bila futi kamba,
nikageuza debe, nikakaa, nikanyamaza.

Pipa lilichemka tangu alfajiri.
Machikichi yakatwangwa, yakamiminwa silindani,
na nondo ndefu ikaanza kuzunguka:
Domitila mbele, binti yake Nyamwiza nyuma,
wanazunguka, wanazunguka, nyayo zimechimba mfereji.
Nilihesabu mizunguko mpaka nikapotea.
Mafuta yakaja mekundu, mazito, kwa kusitasita.
Kambani sare ya shule ilikuwa imekauka zamani.
"Leo hasomi?"
"Leo tunakamua," akajibu mama,
kama mtu anayesema leo kuna mvua.

Hapo.
Hilo halikuwemo kwenye orodha.
Haja haina mdomo. Huanikwa kambani
mchana kutwa, na wenye nyumba
wanapita chini yake wakiinamisha vichwa.

Nikachora mashine ya mtu mmoja:
skrubu ya meno ya karibu,
gia mbili za gari bovu,
mpini wa kuvuta na kusukuma umesimama palepale,
miguu ya kuzikwa ardhini.
Injini nikaikata. Tairi nikalikata. Saa, kata.
Rangi nikaikata kwa wino na rula,
nikajiona fundi.

Alipokuja kuichukua
aliuvuta mpini kwa mkono mmoja, mara tatu,
akacheka peke yake, chini chini.
Kisha akaizunguka. "Nyekundu iko wapi?"
Nikaanza hotuba: rangi haikamui, mama,
rangi haiongezi hata kijiko.

"Mwaka juzi," akasema, "mashine ya kikundi iliibwa.
Tukaikuta Mahembe, tukaenda na mwenyekiti.
Ya kijivu kati ya za kijivu.
Niliishika nikajua ni yetu.
Lakini mkono wangu hauitwi shahidi."

Hata grainda ya kijana wangu ilizimwa.
Nikaenda dukani mwenyewe, kopo la lita moja,
nikapaka mara mbili, na chini ya kitako,
mahali pasipofikiwa na msasa wa mwizi,
nikachomelea herufi zake.

Daftari langu lina safu mbili mpaka leo,
haja huku, matakwa kule,
ila mstari wa katikati nauchora kwa penseli
na kifutio nakiweka sikioni.

Ile saa ya kupimia
bado sijamuuliza.