Kuelea

Saa moja kasorobo jioni naingia chumba kisicho na dirisha,
juu ya duka la vipuri, Mtaa wa Rufiji.
Feni imezimwa isije ikasikika hewani.
Karatasi moja, dakika nne:
habari za uchumi, kwa hisani ya magodoro.

Nasoma: masoko ya Asia yameyumba.
Nasoma: hisa zimezama, mafuta yamepanda,
shilingi imeachwa ielee,
benki kuu ya nchi fulani imeinua kidole.
Riba, nasahihisha. Imeinua riba.

Nikitoka, simu inatetemeka. Shangazi Mbuke, kutoka Igombe.
Nyuma yake mbwa, na injini ya mtumbwi inayogoma kuwaka.
"Umesema soko limetulia.
Limetulia kama ziwa, au limetulia kama maiti?"

Shangazi hanunui samaki.
Samaki ana njia yake: minofu kiwandani, kisha ndege;
mapanki kikaangoni, kando ya barabara.
Yeye hungoja kisu kipasue tumbo
aingize vidole viwili
alitoe bondo, jeupe, linateleza kama sabuni iliyolowa.
Hulianika juu ya wavu mpaka liwe na rangi
ya ukucha wa mguu wa mzee.
Mbali huko wapo wanaolipikia supu,
wanaolitoa zawadi kwenye harusi.
Hajawahi kuwaona. Anawaita wenyewe.
Wenyewe wanataka makubwa. Wenyewe wamenuna.

Mwaka juzi wenyewe walitaka sana.
Akapaua nyumba Sangabuye kwa bati la rangi,
akamlipia Masalu ada ya chuo,
akakopa tena kwenye kikundi, maana bei ilikuwa inapanda
na ngazi ile hakuna aliyeiona ncha.

Sasa ndoo tatu ziko chini ya kitanda.
Amezifunika kanga, asizione.

Wiki ile meli zilipokwama nilimtajia mlango wa bahari.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Mlango huo," akasema, "ufunguo anao nani?"

Kazi hii nimeisomea. Nina cheti.
Najua kutamka mfumuko wa bei bila kupulizia maiki.
Sijui kumjibu mtu anayeuliza
kilo itakuwa shilingi ngapi kesho,
saa kumi na moja alfajiri, mwaloni.

Jumapili nikamfuata.
Mhoja alikuwa amempasua sangara wa kilo kumi na tisa,
magamba yamemganda hadi kwenye nyusi.
Shangazi akaniwekea bondo kiganjani.
Sikutegemea liwe jepesi vile.

"Hili ndilo linalomshikilia asizame.
Likijaa hewa anapanda, likipungua anashuka.
Nyie maneno yenu mnayatoa huku?"

Nikasema nadhani ndiyo.

"Basi nenda kaulize.
Hiyo shilingi yenu inayoelea, bondo lake liko wapi?
Isije ikawa nalo walishalitoa
wakalianika."

Mhoja alicheka akapaliwa.
Mimi nilikuwa natafuta pa kufutia mkono.

Jumatatu, chumba kilekile, karatasi nyingine, magodoro yaleyale.
Masoko ya Asia yameendelea kutulia.
Nikafika mwisho wa ukurasa, zimebaki sekunde kumi na mbili.
Fundi mitambo tayari kidole kiko kwenye kitufe cha muziki.
Mdomo wangu ukaendelea wenyewe:
"Na huko Igombe, bondo kubwa lililokauka,
kilo moja, laki mbili na tisini.
Wanunuzi hawajaonekana."

Fundi akanikodolea macho.
Muziki ukachelewa.

Sikufika hata ngazini, simu ikatetemeka.
"Umekosea," alisema.
"Laki mbili na sitini. Tangu saa nane mchana."
Akasita. Mbwa walewale.
"Kesho utuulize kwanza, kabla hujasoma."