Mifukoni

Nyumba ya wageni ya Bi Mwanakombo, Raskazone,
ina ghorofa tatu, na mwezi huu zote zimejaa.
Chini wamelala waliokuja kuitazama bandari.
Katikati wamelala waliokuja kuwatazama wa chini.
Juu kabisa wale ambao hawajasema wamefuata nini,
ila kila asubuhi huhesabu viatu vya wenzao mlangoni.

Mimi ndiye nifuaye. Mashavu binti Sekibojo.
Kabla sijaloweka nguo napapasa mifuko,
si wizi, ni kazi: kalamu moja iliyosahauliwa
huharibu shuka sita, na mshahara unaokatwa ni wangu.

Mfuko wa chini: ramani.
Ghuba yetu imekunjwa mara nne,
kisiwa cha Toten kimezungushiwa wino mwekundu,
pembeni tarakimu za kina cha maji.
Mfuko wa katikati: ramani.
Ghuba ileile, Toten kilekile, wino wa buluu.
Mfuko wa juu: ramani, imekunjwa ndogo kama hirizi.

Nikazitandaza juu ya meza ya pasi.
Tarakimu zilipishana kidogo, futi moja, futi mbili.
Kila mmoja amepima, kisha akadhani
mwenziwe amekiona kina asichokijua yeye.

Nikamuuliza Singano wa jikoni, wanagombea nini?
"Gati," akasema.
Kesho yake: "Si gati. Ni madini yatakayopita gatini."
Keshokutwa: "Si madini. Ni nani atamwona nani
akipita na madini."
Akaendelea kukaanga mayai
ya ghorofa tatu, kikaango kimoja.

Lakini Singano hafui shuka.
Za chini zina jasho la mtu asiyelala.
Za katikati vilevile, na foronya zina alama za meno.
Taa ya juu huwaka hadi adhana ya alfajiri;
ya chini haizimwi kwa kuwa ya juu inawaka;
ya katikati haizimwi kwa kuwa hizo mbili hazizimwi.
Luku hununua Bi Mwanakombo.

Msinipe ule msemo wa tembo na nyasi. Nimeuchoka.
Nyasi hazipandi ngazi na ndoo mbili.
Nyasi hazijui kwamba tembo wa chumba namba saba
anaogopa giza, na mlango ameuegemezea kiti.

Babu yake baba alibeba mizigo ya vita vya Mjerumani.
Hapahapa walishushwa askari kutoka Bara Hindi
waje kumtoa mgeni mmoja kwa niaba ya mgeni mwingine.
Mizinga ikapasuka (ya nyuki, si ya chuma)
na nyuki hawakuuliza bendera.
Babu alisimulia nyuki tu. Sababu ya vita
hakuambiwa. Aliambiwa uzito:
ratili sitini, kichwani, mpaka utakapoambiwa tua.
Wenye vita wana makaburi yenye majina, nyasi zinafyekwa.
Wenzake babu wamelala njiani huko, hata jiwe hawana.

Juzi usiku umeme ulikatika.
Wote watatu wakakutana ngazini,
kila mmoja akiamini mwingine ndiye aliyekata.
Nikawamulika kwa simu: nyuso za watu waliofumaniwa.
Hakuna aliyepisha. Kupisha ni kukubali, na kukubali nini
hakuna aliyejua.
Nikasema, "Jamani, nguo mbichi hizi,"
nikapenya katikati yao na kapu langu,
maji yakadondokea viatu vyote bila upendeleo.

Kumbe ni transfoma tu, ya Sahare, imeungua.
Hata hivyo asubuhi wa chini wakaagiza jenereta.
Saa nne wa katikati wakaagiza kubwa zaidi.
Sasa zinanguruma mbili, ya tatu iko njiani,
na sina pa kuanika: uani ni moshi mtupu,
shuka nyeupe zinakauka zikiwa za kijivu.

Ramani nilizirudisha.
Niseme kweli: nilizichanganya.
Ya chini niliitia mfuko wa juu,
ya juu ikaenda katikati, ya katikati ikashuka.

Mpaka leo hakuna aliyelalamika.